Nyundo ya Fundi Vioo na Mnara wa Frankfurt

Kwa miaka mingi niliamini, na ningeapa mbele ya hakimu yeyote, kwamba Fundi Vioo wa Jules Street aliwahi kuangusha mnara wa benki huko Ulaya kwa nyundo moja. Sisemi alivunja dirisha. Aliuangusha mnara. Habari ilivyotembea pale Malvern, mtaa wetu wa Johannesburg, ni kwamba alifika Frankfurt, mji wenye mabenki mengi kuliko Jozi ilivyo na mbwa, akausogelea mnara mrefu kuliko yote, akauzunguka taratibu, akaitafuta ile sehemu ambayo mafundi wa vioo peke yao wanaijua, akaigonga. Kioo cha chini kikalia, kikakiambia cha juu yake, nacho kikakiambia cha juu zaidi, na mnara mzima ukashuka kama maji ya ndoo. Wafanyakazi wakabaki wamekaa hewani, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa. Wajerumani wakampandisha ndege siku ileile, wakimsihi asirudi.

Chekeni tu. Ushahidi ulikuwepo. Aliondoka na nyundo, akarudi hana. Aliondoka na mikono mizima, akarudi wa kulia umefungwa bandeji. Na alirudi kimya, yeye ambaye hakuwahi kunyamaza hata akiwa anatafuna. Juu ya yote, mtu mwenyewe nilikuwa namfahamu. Na wewe ungemfahamu, ungeamini.

Habari za alizaliwa wapi na baba yake nani siziwezi, sikuwahi kumuuliza. Nilipofungua kibanda changu cha kutengeneza simu mkabala na duka lake, tayari alikuwa mzee wa mtaa. Kiswahili chake kilikuwa cha Kongo, mimi ni mtu wa Tanga, na wiki za mwanzo tulielewana zaidi kwa mikono. Na ile mikono, jamani! Ilikuwa na makovu mpaka nikadhani ameishonea glavu za ngozi ya mamba. Akikupa mkono wa salamu, unarudi nyumbani unauhesabu vidole.

"Weye unafanya kazi gani?" aliniuliza siku ya kwanza. Nikamwonyesha simu iliyopasuka kioo. Akaishika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota mende kwenye sukari. "Ah, bon. Weye uko daktari ya vioo vya batoto."

Tangu hapo mtaa mzima ukaniita Dokta, na mimi, mhitimu wa shule ya jioni, sikuona sababu ya kuwasahihisha.

Hasira zake zilikuwa na sauti kabla ya maneno. Kwanza unasikia pua ikikoroma. Niliwahi kumwona akimtoa mwizi wa betri ndani ya gari kupitia dirishani, na dirisha lilikuwa limefungwa. Huo ni ukweli, au jirani wa karibu sana wa ukweli. Siku nyingine mteja alimletea kioo kilichokatwa na fundi mwingine, kimepinda kidogo, akaomba akipachike hivyohivyo. Fundi akakivunja juu ya goti lake mwenyewe, damu ikashuka hadi kwenye soksi, kisha akaanza kumkatia kipya huku akimtukana kwa lugha zote za bara hili. Nyuma ya mlango alikuwa na sjambok, ule mjeledi wa ngozi ambao hapa Jozi watu huuweka mahali ambapo kwetu tungeweka fagio. Madereva wa teksi, watu ambao hawaogopi bastola, waliogopa ile pua.

Halafu Jumapili unamkuta kanisani mtaa wa Yeoville, katikati ya kwaya, anaimba kwa sauti nyembamba kabisa, macho yamefungwa, kama mtoto anayeogopa kumwamsha mama yake. Na kila asubuhi, kabla hajafungua duka, alitembea kipande chake cha Jules Street akiokota vigae vya chupa za usiku kwa vidole vitupu. Nikamwambia, "Mzee, si utumie koleo?" Akaniambia, "Koleo haioni. Kile kadogo ndicho kinaingia mu muguu ya mutoto." Mtu aliyekuwa akivunja pua za watu alikuwa na huruma na nyayo zao.

Kazi yake aliifanya kwa sharti moja lililomfukuzia wateja wengi. Kioo kigumu, ule mtindo wa vioo viwili vilivyobanwa na utando wa plastiki katikati, hakukipachika mpaka mteja mwenyewe akipige. Kwa nyundo. Mbele yake.

"Piga."

"Mzee, mimi nimekuja kununua, sikuja kuvunja."

"Piga! Piga kama vile ni bwana ya dada yako!"

Mfanyabiashara mmoja wa Fordsburg, muuza dhahabu, mtu wa kanzu nyeupe na manukato, alipiga kwa aibu, tiki. Pua ikalia. Akapiga tena, akiwa amekasirika sasa, na nyundo ikaruka nyuma ikamgonga jino. Alilitema mkononi, akalitazama, akakitazama kioo, kilichokuwa na alama ndogo nyeupe kama punje ya mchele. "Nipe vinne," akasema. Hata cheti changu cha shule ya jioni, nilipompelekea akitie fremu, alinipa nyundo. Nilikipiga kioo cha cheti changu mwenyewe, wenzangu wakiwa wameshika soda za kunipongeza. Kipo ukutani hadi leo, na ile alama ipo, juu kidogo ya somo la hesabu.

Vioo vya kawaida vilivyoharibika hakuvitupa. Alivisimamisha uani, nyuma ya duka, vimeegemea ukuta kama wagonjwa kwenye foleni. Yeyote aliyekuwa na hasira aliruhusiwa kuingia akavunje. Bure. Alikupa miwani ya kazi na nyundo, akakufungia humo, akaendelea na shughuli zake. Dada mmoja msusi kutoka Yeoville alikuwa akija uso umevimba, anavunja kidirisha kimoja, anajifuta, anarudi kwenye saluni yake. Siku moja alivunja hadi mlango mzima wa bafu, na baada ya hapo hatukumwona tena. Tukasikia amemwacha yule mume, amehamia Durban. Madereva waliokuwa wakigombea zamu waliingia wawiliwawili na kutoka wamekumbatiana. Wenyeji wa pale nao walikuja. Namkumbuka kijana wa kofia ya njano ya ujenzi, aliyeachishwa kazi kwenye jengo fulani. Alivunja mpaka akaishiwa pumzi, akakaa chini katikati ya vipande. Fundi akampelekea chai.

"Mutu hapigi kioo," aliniambia siku hiyo. "Anapiga ile sura anaona ndani. Bon. Basi aipigie hapa kwangu, asiende kuipiga ku kichwa ya mwenzake."

Niliandika hayo nyuma ya risiti. Mhitimu ni mhitimu.

Sasa, safari yake ya Ulaya. Binti yake ni muuguzi kule Frankfurt, na ndiye aliyemtumia tiketi. Aliporudi na ile bandeji, mtaa ulisubiri hadithi ukakosa, na nadhani hapo ndipo mtaa ulipojitungia yake. Mimi nilimchimba kidogokidogo, kwa ustadi wa mpelelezi. Nikagundua jambo: alieleza alichokiona, wala hakueleza kamwe alichokifanya. Nikajisemea, huyu anajua sheria. Mhalifu mzoefu huyu.

Na alichokiona alikiona kama fundi. Alisema kuna mnara uliojipinda kiunoni kama mtu anayegeuka kuangalia nani kamwita. Kuna mingine miwili, mapacha, ambayo haina rangi yake yenyewe, inaazima ya mbingu: mvua ikija inakuwa mvua, wingu likipita linaingia kwenye mmoja na kutokea kwenye mwingine. Alisema kona ambapo kioo kinakutana na kioo, bila nguzo, bila chuma, zilimfanya asimame mpaka watu wakamkwepa kwa baiskeli. Alisema mchana watu waliovaa tai wanashuka kukaa kando ya mto, wanakula soseji, wameipa minara mgongo. "Bameizoea," alisema, na sikujua kama ni lawama au wivu.

Jumamosi moja akaja kibandani. "Dokta, vaa viatu vizuri. Twende tukaone batu bakubwa."

Tukaenda Sandton, kule ambako pesa za nchi hii zinalala. Mimi, sitawaficha, nilikuwa naipenda ile minara. Nilimwambia haina tofauti na Ulaya. Akanishika shingo, akaninyanyulia uso, kisha akauteremsha polepole, ghorofa kwa ghorofa, mpaka chini.

"Umeona? Kule juu anavaa koti ya harusi. Huku chini anavaa buti ya vita."

Ikawa kweli. Kuanzia kimo cha mtu kwenda juu palikuwa kioo kitupu. Chini palikuwa ukuta, geti, waya wa umeme, kamera na bunduki.

"Kule Frankfurt kioo inashuka mpaka chini," akasema. "Mpaka barabarani, Dokta. Mbwa anaikojolea. Mutoto anaweka mudomo."

"Na waya?"

"Haina."

"Na mlinzi?"

"Iko mumoja. Alikuwa anakula ndizi."

Tulipata jengo moja ambalo kioo chake kilifikika kwa mkono. Akakigonga kwa pete ya ndoa, akaweka sikio, kama daktari wa kweli. Mlinzi akaja, mwanaume wa ukubwa wa friji, akamuuliza anafanya nini. "Naisalimia," akasema Fundi. Mlinzi akamsukuma kifuani. Nikaisikia pua, nikafumba macho, na nilipofumbua mlinzi alikuwa amekaa chini ameshika uso, na wenzake walikuwa wanakuja mbio, jeshi zima, brigedi, na virungu. Tulipigwa, ndugu zangu. Nilipigwa na watu ambao sijawahi kuwakosea, kwa ajili ya salamu ambayo sikuitoa. Kiatu changu kimoja kizuri kipo Sandton mpaka leo. Nikiwa nimeshaanza kukimbia nikageuka, nikamwona Fundi, mdomo umepasuka, virungu vinamwangukia mgongoni, anafuta damu yake kwenye kile kioo kwa mkono wa shati. Alihakikisha kimetakata ndipo akakimbia.

Jumatatu yake aling'oa nondo zote za duka lake.

Hapo lazima uijue Jules Street. Pale kila duka lina nondo, juu ya nondo lina shata ya chuma, juu ya shata lina kufuli la ukubwa wa kichwa cha mbuzi. Spaza, kile kiduka cha soda na mkate, inalindwa kuliko ikulu. Yeye akapachika kioo kimoja kuanzia dari hadi lami, kigumu, kipana, bila hata ufito mmoja mbele yake. Usiku anaacha taa inawaka ndani. Unaweza kuona meza yake ya kukatia, vikata vyake, kalenda ya kanisa. Kilichopo leo si kile cha kwanza, na sababu mtaisikia.

Mkewe, mama mpole wa kuuza vitenge Yeoville, alikuja kukitazama, akasimama kwenye lami akiwa ameshika kiuno.

"Papa, unataka watuue?"

"Kioo iko nguvu kuliko nondo."

"Mimi siulizi habari ya kioo. Naulizia weye uliye nyuma yake."

Na kwa muda mrefu ilionekana Fundi ndiye mwenye haki. Wezi walijaribu, wakachoka. Risasi ya ugomvi wa teksi iliwahi kukigonga pembeni, ikabaki imenasa kama nzi kwenye asali. Watu wakasema, mwacheni huyo, aliangusha mnara Ulaya. Nami nilikuwa wa kwanza kuitikia.

Kisha ikaja ile siku ya maandamano, pale baadhi ya wenyeji walipotoka na marungu kutafuta wageni wa nchi nyingine kama sisi. Ilikuwa asubuhi ya jua. Tulizisikia nyimbo zikitoka mwisho wa Jules Street, na shata zote zikaanguka kwa mpigo, kelele kama treni. Mimi nikapanda chumbani kwangu, juu ya kibanda, kwenye dirisha langu dogo la nondo. Hapa utani wangu unaniishia kidogo, mnisamehe. Nilimwona fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara akiburutwa kwa miguu, kichwa kinagonga ngazi moja baada ya nyingine. Nilimwona mtu akimpiga tofali, akaliokota, akampiga tena. Spaza ya kona ikawaka, na moshi wake ulinukia sukari.

Fundi Vioo alikuwa dukani. Alikuwa anafagia.

Walipofika kwake walisimama, nadhani kwa mshangao. Kioo kitupu! Wakarusha mawe. Mawe yakarudi. Wakacheka, wakarusha tena, na kicheko kikaisha, maana kioo kisichovunjika kinamtia mtu wazimu. Wakaja na tofali, na rungu, na mfuniko wa chemba ya maji machafu walioubeba watu wawili. Kila pigo liliacha ua jeupe. Maua yakajaa mpaka nikawa siwezi kuuona uso wake vizuri. Lakini kioo kilisimama. Nawaambia kilisimama! Laiti angebaki pale ndani, wangechoka, wangekwenda zao.

Mbele yao alikuwepo yule kijana wa kofia ya njano. Fundi alimwona. Nikamwona anaegemeza fagio ukutani na kutoa funguo mfukoni, nikajua, sijui nilijuaje, nikapiga kelele mpaka koo likachanika: "Mzee, usifungue! Usifungue!"

Akafungua mlango. Alikuwa anatabasamu. Mkono mmoja ameshika miwani ya kazi, mwingine anaonyesha uani.

"Woza! Woza nyuma!" aliwaambia kwa Kizulu chake cha kuokoteza. "Iko bingine mingi! Vunja yote!"

Alikuwa anawakaribisha. Kijana wa kofia ya njano akashusha rungu. Alimtazama yule mzee na ile miwani, na kwa kitambo kifupi nilifikiri itakuwa, kwamba wataingia mmojammoja kama wagonjwa wengine. Ndipo walio nyuma, ambao hawakuona wala kusikia kitu, wakasukuma.

Walimlaza kifudifudi kwenye meza yake ya kukatia. Walinyoosha mikono yake juu ya meza, wakatumia nyundo yake, ile ya wateja. Sikuona yote, yale maua meupe yalinisitiri. Niliona mkono ukipanda na kushuka. Hakulia. Nilisubiri kuisikia ile pua, haikuja. Nilichosikia kilitoka uani: kioo kinavunjika, kinatulia, kingine kinavunjika. Mtu mmoja, mmoja tu, alikuwa ameitikia ule mwaliko. Alipotoka, kofia yake ya njano ilikuwa mkononi, na aliondoka kwa kufuata ukuta, bila kumwangalia mtu.

Nilimtembelea Fundi kwao Yeoville baada ya miezi mingi ya hospitali. Alikuwa amekaa kwenye kochi, mikono juu ya mapaja, vidole vimekauka kama uma zilizopindwa. Mkewe alimnywesha chai kwa kijiko. Nikaanza uchangamfu wangu, maana sina silaha nyingine.

"Kioo iko?" akaniuliza, kabla sijamaliza salamu.

"Kipo, Mzee. Kimejaa maua kama gauni la bibi harusi, lakini kipo."

"Bon. Tutapachika mupya. Weye utakata, mi nitakwambia."

"Tena na nondo," mkewe akasema.

"Bila nondo."

Kijiko kikagonga kisahani. "Bila nondo! Mikono hii nainawisha mimi! Vifungo nafunga mimi! Papa, ulifungua mlango mwenyewe! Ulibafungulia!"

"Kioo haikuvunjika," akasema, polepole.

"Weye ulivunjika!"

Mama alikuwa amesimama na kikombe mkononi, na mimi nikafanya ninachojua kufanya, nikaleta mzaha. "Mama, mwache bwana. Mtu aliyeangusha mnara wa Frankfurt kwa nyundo moja, wewe utamwambia nini habari ya nondo?"

Akanigeukia. "Aliangusha nini?"

Nikamsimulia yote, na mapambo yake: sehemu ya siri, kioo kinachoambia kioo, wafanyakazi hewani na kahawa, Wajerumani wanavyosihi. Fundi aligeuza uso kuelekea dirishani. Mabega yake yalianza kutikisika, na ilinichukua muda kujua kwamba anacheka. Mama hakucheka. Aliweka kikombe mezani, akaketi, akanieleza kama unavyomweleza mgeni njia.

"Dokta, ile nyundo balimunyang'anya hapahapa Johannesburg, uwanja wa ndege. Aliiweka mu mkoba wa mkononi. Na ule mkono alijikata jikoni kwa binti yetu, akikata nyanya. Hakuangusha kitu. Kila siku alikuwa anakaa ku benchi mbele ya benki, toka asubuhi mpaka binti atoke kazini amuchukue. Binti akamuuliza, papa, unangoja nani? Akasema, nangoja ule atakuja kuvunja ile kioo. Basi. Hakuja mutu."